Nyuzi joto 32 za Mtwara si nyepesi kuliko 36 za Masasi

Oktoba ikishaingia, utabiri wa usiku huanza kutaja namba ambazo watu wa Kusini mwa Tanzania huzipokea kwa namna mbili. Aliyeko bara, kama Masasi, Nachingwea au Nanyumbu, akisikia kesho ni nyuzi joto 36, anajipanga. Aliyeko pwani ya Mtwara, kama Shangani au Mikindani, akisikia 32, anaona yeye amepona. Hesabu yenyewe ya kuamulia hivyo ina kasoro, na kasoro hiyo inawaumiza watu wa pwani kila mwaka: vibarua wa mashamba ya chumvi, wabeba magunia ya korosho maghalani, kina mama wanaokaanga samaki ufukweni. Namba moja ya joto haitoshi. Inabidi uisome pamoja na unyevu wa hewa, upepo, na joto la usiku uliotangulia.

Kwanza, kwa nini joto lije Oktoba hadi Desemba na si wakati mwingine. Mtwara na Lindi ziko karibu nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Jua linapita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka: karibu na tarehe 20 Oktoba likielekea kusini, na karibu na tarehe 21 Februari likirudi. Mara zote mbili jua ni lilelile, lakini ardhi si ileile. Februari udongo umelowa na mawingu yamejaa, hivyo sehemu kubwa ya nguvu ya jua inaishia kukausha maji. Oktoba na Novemba udongo umekaa miezi mingi bila mvua, nyasi zimekauka au zimechomwa, na miti mingi ya porini imepukutisha majani. Hakuna maji ya kukausha, kwa hiyo nguvu yote inaishia kupasha ardhi, na ardhi inapasha hewa. Ongeza na upepo: kusi, ambao toka Mei ulikuwa unatuletea hewa ya baharini iliyopoa, unalegea, na kaskazi bado haujashika. Ni kipindi cha maleleji, hewa imesimama, na joto linajikusanya.

Bara, joto la hewa linafika kileleni saa nane mpaka saa tisa alasiri, wala si saa sita jua likiwa utosini, kwa sababu ardhi inaendelea kupasha hewa baada ya hapo. Maeneo yenye milima ya mawe kama Masasi yana tatizo la ziada: mwamba unakunywa joto mchana kutwa na kulitoa jioni. Nyumba iliyojengwa chini ya jabali inaweza kuwa na joto mpaka usiku mkubwa wakati wenzao wa uwanda wa wazi wameshapumua.

Pwani kuna upepo wa bahari. Ardhi ikipata moto kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda na ya baharini inaingia kuziba nafasi, kwa kawaida kuanzia saa nne au saa tano asubuhi. Ndiyo sababu Mtwara mjini joto huanza kupanda kwa kasi, kisha likakwama kwenye 31 au 32. Siku ambayo upepo huo umechelewa mpaka saa saba, joto linapita hapo, na hiyo ndiyo siku ambayo namba ya utabiri inakosea zaidi. Ila upepo unaotupunguzia joto ndio huohuo unaotuletea mvuke wa bahari.

Sasa tuje kwenye mvuke. Mwili wa mtu unajipoza kwa jasho, na jasho linapoza pale tu linapokauka. Lita moja ya jasho likikauka kwenye ngozi huondoa joto la karibu kilojuli 2,400. Lita hiyohiyo ikidondoka chini au ikalowanisha shati bila kukauka, umepoteza maji na chumvi bure. Hewa ikiwa imejaa mvuke tayari, jasho halina pa kwenda. Ndipo unapopata lile fukuto la kulowa huku umekaa kivulini.

Jedwali linalotumiwa na Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani kukadiria joto linalohisiwa mwilini linaonyesha hivi: nyuzi 36 zenye unyevu wa asilimia 30, hali ambayo bara inaweza kutokea alasiri ya Novemba, zinahisiwa kama 36. Nyuzi 32 zenye unyevu wa asilimia 70, hali ya pwani, zinahisiwa kama 40. Na hesabu hizo zote ni za kivulini. Ukiwa juani, ongeza mpaka nyuzi 8. Kwa hiyo yule wa Mikindani aliyedhani amepona kwa nyuzi nne, kwa kweli amezidiwa kwa nyuzi nne.

Kuna kifaa ambacho kiko nyumba nyingi na kinaonyesha tofauti hii bila umeme, nacho ni mtungi wa udongo. Maji hupenya kwenye vinyweleo vya mtungi, yanakauka kwa nje, na yaliyobaki ndani yanapoa. Lakini hayawezi kupoa chini ya kiwango ambacho hewa yenyewe inaruhusu. Kwa hewa ya bara ya nyuzi 36 na unyevu asilimia 30, kikomo ni karibu nyuzi 22 au 23, ndiyo maana maji ya mtungini Nachingwea yanaburudisha koo. Kwa hewa ya pwani ya 32 na asilimia 70, kikomo ni karibu 27, na maji yanabaki vuguvugu. Ngozi yako inatii sheria ileile. Siku ambayo mtungi uliowekwa kivulini penye upepo hautoi maji ya baridi, jua kwamba na jasho lako halikusaidii sana.

Ukitaka kipimo badala ya kubahatisha, tengeneza kipima unyevu cha vipimajoto viwili. Nunua vipimajoto viwili vya kioo vya aina moja. Kabla ya yote, viweke pamoja ndani ya ndoo moja ya maji kwa dakika kumi uone kama vinasoma sawa. Vikitofautiana, andika tofauti hiyo na uitoe kila unaposoma. Kimoja kiache kikavu. Cha pili kivishe utambi wa pamba kwenye tumba lake, yaani ncha yake ya chini. Utambi mpya wa kandili unafaa, lakini uchemshe kwanza kwenye maji yenye sabuni kidogo na uusuuze vizuri, maana utambi wa dukani una nta au wanga unaozuia maji kupanda. Mwisho wa utambi uingie kwenye chupa ndogo ya maji iliyo sentimita chache chini ya tumba. Kabla ya kusoma, pepea kwa kipepeo au kipande cha boksi kwa dakika tatu hadi tano, kisha soma chenye utambi kwanza.

Chenye utambi kitasoma chini kuliko kikavu. Tofauti ndiyo habari. Kikavu kikisoma 32, tofauti ya nyuzi 3 ni unyevu wa karibu asilimia 80; tofauti ya 5 ni karibu asilimia 68; tofauti ya 8 ni karibu asilimia 51. Kikavu kikisoma 36 na tofauti ikawa 13, unyevu ni karibu asilimia 33.

Makosa yanayoharibu kipimo hiki ni machache na yanajirudia. Utambi ukikauka, vipimajoto vyote viwili vitasoma sawa na utadhani hewa imejaa maji. Usipopepea, chenye utambi hakishuki mpaka mwisho. La tatu ni la kwetu hasa: maji ya visima vingi vya pwani yana chumvi, na chumvi ikiganda kwenye utambi maji hayakauki sawasawa, kipimo kinapanda. Tumia maji ya mvua uliyokinga, na badilisha utambi kila wiki mbili au ukiona umeanza kuwa mgumu.

Namba ya kile chenye utambi peke yake inafaa kuangaliwa kila siku. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba mwanadamu hawezi kuvumilia hali ambapo kipimajoto chenye utambi kinasoma 35 kwa saa kadhaa. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State, Marekani, walichapisha vipimo vya maabara kwa vijana wenye afya, wakiwa katika shughuli nyepesi tu, na katika hewa yenye unyevu mwingi miili yao ilianza kushindwa kujipoza karibu na 30 au 31. Kwa mtoto, mzee, au mtu anayebeba gunia, kiwango kiko chini ya hapo. Kwa maoni yangu, kazi nzito ya juani ipunguzwe kipimo hicho kinapofika 27 na isimamishwe kikifika 29. Sisemi hivyo kama kanuni ya serikali, bali kama mpaka unaoacha nafasi ya makosa.

Turudi kwenye utabiri wenyewe. Namba ya Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, inahusu joto la hewa kivulini. Vipimajoto vya vituo hukaa ndani ya kibanda cheupe chenye kuta za vibao vinavyopitisha upepo, kati ya mita 1.25 na 2 juu ya ardhi, mahali pa wazi penye majani. Namba hiyo si joto la lami ya stendi wala la kibanda cha bati cha sokoni. Anayelaumu utabiri kwa sababu kipimajoto chake kilichopigiliwa ukutani upande wa magharibi kimesoma 41 anapima ukuta, hapimi hewa.

Kwenye utabiri huo angalia mambo manne kwa pamoja. Joto la juu la mchana, hilo wengi hulisoma. Joto la chini la usiku, hilo wengi huliruka, nalo ndilo linaloamua kama mwili utapumzika: usiku usioshuka chini ya 25, mtu anaamka amechoka, na siku ya tatu mfululizo ya namna hiyo ni hatari kuliko siku moja ya joto kali. Upepo, mwelekeo na kasi yake. Na rangi ya onyo. TMA hutoa angalizo la hali mbaya ya hewa kwa siku tano kwa ngazi tatu: njano ni angalizo, rangi ya chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Maonyo hayo hutolewa sana kwa mvua kubwa, upepo mkali na mawimbi makubwa, na mtu wa pwani ameyazoea kwa hayo. Kutokuwepo kwa rangi yoyote kwenye ramani kusikufanye uone kwamba joto la kesho ni salama kwa kila mtu na kila kazi.

Programu za simu zina matatizo yake. Nyingi hazina mtu anayekaa kuangalia Mtwara. Zinachukua namba kutoka kwenye modeli ya dunia nzima, yaani hesabu za kompyuta zinazokadiria hali ya hewa kwa miraba. Modeli ya Marekani ya GFS hutolewa kwa miraba ya karibu kilomita 28 kwa 28, na ile ya kituo cha Ulaya cha ECMWF hukokotolewa kwa karibu kilomita 9. Mraba wa kilomita 28 ukiangukia Mtwara mjini unachanganya mji, ghuba, Msanga Mkuu na bahari kuu, kisha unakupa wastani. Mchana wastani huo huwa chini ya joto la mitaa ya ndani, na usiku huwa juu yake. Newala nako kuna shida ya aina yake: mji uko ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, na chini yake mita mia kadhaa kuna bonde la Ruvuma. Kwa kila mita 100 unazopanda, joto hupungua kwa karibu nyuzi 0.65. Mraba mmoja ukifunika juu na chini, anayekaa juu ataambiwa joto lisilo lake, na anayelima mpunga au ufuta bondeni ataambiwa baridi isiyo yake.

Tiba ya hili ipo. Kwa siku kumi na nne, andika jioni joto la juu ambalo programu yako inatabiri kwa kesho, na kesho yake andika ulilopima wewe. Chukua ulilopima, utoe lililotabiriwa. Jumlisha tofauti zote na ugawe kwa kumi na nne. Ukipata kwamba kwa wastani unapima nyuzi 2 juu ya programu, basi kuanzia hapo kila ikisema 31 wewe soma 33. Fanya hesabu upya msimu ukibadilika, maana kosa la wakati wa kusi halifanani na la wakati wa kaskazi.

Kwa kazi hiyo kipimajoto chako kinahitaji kibanda. Sahani sita nyeupe za plastiki zinatosha. Tano zikate tundu katikati la upana wa kiganja cha mtoto, ya juu iache nzima. Zipange zikiwa zimefudikizwa, ukitenganisha kila moja na nyingine kwa vipande vya mrija wa peni vya sentimita mbili, upitishe nondo nyembamba au waya mgumu sehemu tatu pembeni. Ninginiza kipimajoto katikati ya matundu. Simika kwenye mti wa mita moja na nusu, mbali na ukuta na bati angalau mita tano. Kosa la kawaida ni kukiweka barazani: baraza la bati linaongeza nyuzi kadhaa, na marekebisho yako yote yatakuwa ya baraza.

Jambo lingine linalowapotosha watu ni asilimia ya unyevu ya asubuhi. Alfajiri hewa ina nyuzi 24 na unyevu asilimia 95. Mtu anachukua asilimia 95 hiyo, anaiweka kwenye joto la mchana la 32, na jedwali linamwambia atahisi zaidi ya 50. Haiwi hivyo. Hewa ikipata joto, uwezo wake wa kubeba mvuke unaongezeka, na kwa mvuke uleule asilimia inashuka mpaka karibu 60. Joto litakalohisiwa ni 37. Kama programu yako inaonyesha kiwango cha umande, yaani joto ambalo hewa ikipoa hadi hapo umande unaanza kutonya, tumia hicho kwa sababu hakibadilikibadiliki kutwa kama asilimia. Kikifika 24 au zaidi, ni siku ya fukuto, hata kama joto la juu limeandikwa 30.

Utabiri wa msimu una kazi tofauti. Kwa maeneo yanayopata mvua mara moja kwa mwaka, yakiwemo ya kwetu, TMA hutoa mwelekeo wa mvua za Novemba hadi Aprili. Maneno kama "wastani hadi juu ya wastani" ni uwezekano, hayataji siku. Lakini yana matumizi kwa joto: pakitajwa kwamba mvua zitachelewa kuanza, udongo utaendelea kuwa mkavu na kipindi cha joto la bara kitasogea mpaka ndani ya Desemba. Mwenye vibarua wa kusafisha shamba, au mwenye banda la kuku wa nyama, ajipange kwa hilo mapema.

Kazi haziwezi kusubiri, hilo linaeleweka. Joto hili linakuja korosho zikiokotwa, maghala yakipokea mzigo, chumvi ikivunwa na mashamba yakitayarishwa. Kinachowezekana ni kupanga saa. Kazi nzito ifanyike kati ya saa kumi na mbili na saa nne asubuhi, na tena baada ya saa kumi jioni. Katikati ya mchana zibaki kazi za kivulini: kutenganisha korosho na mabibo, kuchambua, kushona magunia. Kwa mashamba ya chumvi hili ni gumu kwa sababu hakuna mti hata mmoja, na chumvi nyeupe na maji vinarudisha jua usoni. Hapo banda la makuti la mita tatu kwa nne, lililo wazi pande zote, linafaa kuliko turubai la plastiki lililoshushwa chini, ambalo hukusanya joto kichwani.

Watu wapya ndio wanaoanguka. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kuzoea: unajifunza kutoa jasho mapema zaidi na kwa chumvi kidogo zaidi. Kibarua aliyetoka Njombe au Makete jana, au kijana aliyekaa shuleni bwenini mwaka mzima, siku ya kwanza afanye asilimia 20 ya kazi ya kawaida, siku ya pili 40, akiongezewa hivyo kila siku. Malipo ya kipande yanapingana na utaratibu huu moja kwa moja, maana anayelipwa kwa gunia hapumziki. Mwenye shamba anayewajali watu wake awalipe kwa siku katika wiki ya kwanza.

Maji: kikombe cha robo lita kila dakika 15 hadi 20 kazini, hata kabla ya kiu. Usizidishe lita moja na nusu kwa saa. Maji mengi mno bila chumvi yanaweza kuvuruga damu na kumfanya mtu achanganyikiwe, dalili zinazofanana na za joto lenyewe. Kazi ikizidi saa mbili na jasho likawa jingi, kula kitu chenye chumvi au kunywa maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Ukizidisha chumvi ni hatari, hasa kwa mtoto. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, umechelewa.

Nyumbani, adui mkubwa ni bati. Bati lililochakaa na kushika kutu linaweza kupita nyuzi 60 juani, na linamulika joto chini moja kwa moja kichwani, hata hewa ya ndani ikiwa si ya moto sana. Kuna hatua tatu kwa mpangilio wa gharama. Ya kwanza ni kulipaka bati rangi nyeupe. Chokaa inasaidia, ila mvua za Desemba zitaiosha, kwa hiyo ipakwe Septemba au tumia rangi ya bati yenyewe. Ya pili ni kufungua matundu ya hewa kwenye kuta za pembetatu chini ya paa, pande zote mbili, yenye wavu wa mbu. Tundu la upande mmoja halitoi hewa. Ya tatu ni dari. Dari bila matundu ya hewa juu yake inachelewesha joto tu: saa mbili usiku ndipo linaposhuka kitandani.

Madirisha yanatofautiana kati ya pwani na bara, na hapa ushauri wa jumla unakosea. Bara, nyumba ya matofali yenye dari au ya makuti: funga madirisha na mapazia kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni, kwa sababu nje kuna moto kuliko ndani, kisha fungua yote usiku. Pwani: acha wazi mchana kutwa, upande wa bahari na upande wa pili, upepo upite. Nyumba ya bati isiyo na dari usiifunge popote ilipo, itageuka tanuri. Kitambaa kibichi mbele ya feni kinafanya kazi vizuri Masasi. Mtwara kinaongeza tu unyevu chumbani. Feni yenyewe inafaa mpaka hewa ifike karibu nyuzi 40. Juu ya hapo inakupulizia moto.

Mgonjwa wa kisukari asiye na friji na aliye bara anaweza kuhifadhi insulini ndani ya chungu kidogo kilichowekwa kwenye chungu kikubwa, mchanga mbichi katikati, kivulini penye upepo. Chupa ifungwe ndani ya mfuko mkavu. Pwani chungu hicho hakitashuka chini ya 27 hivi siku za fukuto, kwa hiyo ni bora dawa ibaki kwenye friji ya kituo cha afya au ya jirani na uchukue kidogo kidogo.

Kuhusu ugonjwa, niseme hili kwa msisitizo. Mikoa yetu ina malaria nyingi, na mtu akiwa na mwili wa moto wazo la kwanza ni malaria. Mtu aliyekuwa juani, akaanza kuongea visivyoeleweka, kuyumba, kutapika, kupata degedege au kuzimia, huku mwili unawaka, mchukulie kwamba amepigwa na joto mpaka ithibitike vinginevyo. Joto la ndani ya mwili likifika nyuzi 40, ubongo na figo vinaumia kwa dakika, si kwa saa. Ngozi inaweza kuwa kavu, lakini kwa mtu wa kazi mara nyingi bado ina jasho, kwa hiyo jasho lisikudanganye. Mpeleke kivulini, mvue nguo, mmwagie maji mwili mzima na mpepee kwa nguvu, mfululizo. Kama kuna pipa au beseni kubwa, mtumbukize mpaka shingoni huku mtu ameshika kichwa. Barafu ya wauza samaki iliyofungwa kitambaa iwekwe kwapani, shingoni na kwenye kinena. Mpoze kwanza, ndipo safari, na njiani endelea kummwagia maji. Parasetamoli haisaidii kitu hapa. Usimpe cha kunywa aliyepoteza fahamu. Kipimo cha malaria kitafanywa kituoni akiwa ameshapoa.

Aliyechoka kwa joto tu, mwenye kizunguzungu, kichwa kuuma na misuli kukaza lakini akili yake timamu, apumzike kivulini, alale miguu juu, anywe taratibu, na asirudi kazini siku hiyo. Asipopata nafuu ndani ya nusu saa, apelekwe. Wanaotumia dawa za presha za kukojosha na baadhi ya dawa za magonjwa ya akili wapo kwenye hatari zaidi. Wasiache dawa, wamuulize daktari kabla ya Oktoba kama dozi inahitaji kuangaliwa.

Mvua za kwanza zikinyesha watu hushangilia na kurudi kufanya kazi saa saba mchana. Joto limeshuka mpaka 29, anga ina mawingu, jua halichomi. Lakini unyevu ni asilimia 85, na 29 ya namna hiyo inahisiwa kama 36, sawa na alasiri ile kavu ya Masasi iliyokuwa inaogopwa Novemba. Kipindi hicho ndicho cha kupanda na kupalilia, kazi za kuinama tangu asubuhi. Ratiba ya saa za kazi na kikombe cha maji kila robo saa viendelee mpaka Machi, na pwani mpaka kusi urudi.